Mama anamsubiri baba kila magharibi

Assalamu alaykum mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 52. Mama yangu ana miaka 81, na huu ni mwaka wa nne namuuguza, tangu daktari aseme ana Alzheimer. Naandika usiku kwa sababu yeye kalala na mimi usingizi umenipaa.

Mama alikuwa mwalimu wa madrasa. Waliopita mikononi mwake hawahesabiki. Hata mimi alifu na be nimezipata kwake. Leo jina langu halijui. Siku nyingine ananiita dada, siku nyingine ananiuliza mimi mtoto wa nani na mbona wazee wangu hawaji kunichukua. Kila asubuhi namuuliza leo siku gani na mimi nani, ili nijue kazidi au kapata nafuu. Majibu yake nimeyazoea. Kuna mawili siyazoei.

La kwanza ni magharibi. Jua likianza kuchwa anakwenda mlangoni, anahangaika na komeo, anauliza baba kachelewa wapi. Baba alifariki miaka 11 iliyopita. Mwanzoni nilimwambia kweli: mama, baba katangulia mbele ya haki. Akalia kama ndiyo kwanza kaletewa habari. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia vile vile. Nilikwenda hivyo wiki nzima, nikashindwa. Siku hizi namwambia, "Yuko msikitini, mama," naye hutulia. Kaka yangu mkubwa ananiambia naufundisha ulimi wangu uongo, tena uongo juu ya marehemu.

La pili ni swala. Anaswali adhuhuri, anakunja mswala, baada ya dakika kumi anaukunjua anaswali tena. Siku nyingine rakaa zinafika saba. Siku nyingine anasujudu halafu hainuki. Kinachofuata kimempotea, amebaki pale, paji la uso chini, mpaka nimshike mabega. Kwenye udhu anaosha mkono wa kulia, anarudia, anarudia, maji yameenea sakafu nzima. Kaka anasema nimsahihishe, kwa sababu swala ni nguzo na mama mwenyewe angetaka iwe sawa. Nikawa namsahihisha. Mwezi uliopita alikuwa amekipa kibla mgongo, nami nimechoka, nikamvuta mkono. Siku ya pili nikaona alama za vidole vyangu kwenye ngozi yake. Yeye hakumbuki. Mimi nakumbuka.

Nami mwenyewe nina langu. Naswali, lakini sikio liko mlangoni. Zamani swala ndiyo ilikuwa pumziko langu. Sasa kila nikitoa salamu najiuliza: je, nimehisi chochote? Sijahisi. Darasa la wanawake la kila wiki huu mwaka wa pili sijalitia mguu. Wenzangu walikuwa wakija kumjulia hali, mpaka siku mama alipomwambia mmoja wao kamwibia pete. Wakaacha. Tukikutana wananiambia, "Wewe Pepo unayo mkononi." Nawashukuru, na kifuani inapanda hasira nisiyojua pa kuiweka.

Na hili nitalisema kwa kuwa hunijui: nimeshamwomba Mungu amchukue. Si mara moja. Halafu naogopa, naleta toba, na baada ya siku mbili tatu naomba tena.

Wiki iliyopita nilikuwa nasoma Surat Yasin kando ya kitanda chake, nikakosea irabu moja. Mama, ambaye asubuhi ile aliniuliza mimi nani, akafumbua macho, akaisoma aya sawasawa, kwa sauti ile ile ya ualimu, akasonga aya tatu mbele. Kisha akaniuliza tena mimi nani. Mama yangu yuko wapi? Kama yumo humo ndani, nimfikie vipi?

Kaka anataka kumchukua akakae kwake miezi mitatu. Mkewe ni mtu mwema, lakini kaka anaamini mama "analegezwa" na mimi. Nikikataa nitaonekana king'ang'anizi. Nikikubali naogopa atarudi amezidi, au asirudi. Nifanye nini?

Binti wa Mwalimu

*

Waalaykum salaam, dada yangu.

Umeleta mambo manne yaliyofumwa pamoja: jibu la magharibi, swala ya mama, swala yako, na miezi mitatu ya kaka. Mimi nitaanzia pale ulipomalizia, kwenye ile aya, maana ukiielewa hiyo, mengine yanapungua ugumu.

Alzheimer hupenda kuanza na sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, iliyo ndani kabisa, kwenye usawa wa masikio. Ichukulie kuwa ndiyo karani wa mambo mapya: nani kaingia asubuhi, udhu umetiwa au bado, adhuhuri imeswaliwa au la. Karani akiugua, jambo la leo haliandikwi. Kwa hiyo mama anapokunjua mswala mara ya pili, hajasahau kuwa ameswali. Kwake swala ile haikupata kuandikwa popote. Ila yale ambayo mwili umeyarudia maelfu ya mara tangu utoto, yaani mwendo wa rukuu, mahadhi ya kisomo, vidole kwenye tasbihi, yana hifadhi nyingine, na maradhi huchelewa kuifikia. Jina lako na Surat Yasin havikuwekwa kwenye sanduku moja. Kukosa jina lako si dalili kwamba ulikuwa mwepesi moyoni mwake kuliko sura.

Kuna cha tatu kinachochelewa kwenda, nacho ni hisia. Tukio hufutika, hisia yake hubaki. Siku ile uliyomvuta, huenda hofu ilikaa naye saa nzima bila kujua imetoka wapi. Silisemi hili kukuongezea mzigo, kwa sababu lina upande wa pili: utulivu unaompa nao hubaki, hata akimsahau aliyempa.

Sasa niruhusu nikuulize jambo. Yale maswali ya kila asubuhi, leo siku gani, mimi nani, yanamsaidia nani? Kipimo cha ugonjwa ni kazi ya kliniki, tena mara moja kila baada ya miezi kadhaa. Nyumbani, kwa mwanamke aliyekuwa yeye ndiye anayeuliza maswali na wengine wanajibu, ni mtihani anaofelishwa kabla ya kunywa chai. Jaribu wiki mbili bila hata swali moja la kumbukumbu. Ingia na jibu mkononi: "Asubuhi njema mama, mimi binti yako, nimekuletea chai." Sentensi moja, uso wako mbele ya uso wake, kisha nyamaza uhesabu mpaka kumi. Ubongo wake unahitaji muda huo kulipokea neno, na wengi wetu tunarudia swali akiwa bado njiani kulijibu.

Tuje kwenye swala. Kaka yako anasema mama angetaka iwe sawa, na kwa mama wa miaka kumi iliyopita sina ubishi naye. Lakini dini yenyewe inafunga takilifu, yaani wajibu wa ibada, na akili. Hadithi ya kalamu kuinuliwa kwa watu watatu, aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe na aliyepotewa na akili mpaka imrudie, nyote wawili mmeisoma utotoni, pengine kwa mama huyu huyu. Na Qur'ani inaitaja hali yake waziwazi: Surat An-Nahl, aya ya 70, inazungumzia wanaorudishwa kwenye umri dhalili, wakawa hawajui kitu baada ya kuwa walijua. Hukumu ya mama hasa, kwa kuwa akili yake inakuja na kuondoka, mwulizeni shekhe mnayemheshimu nyote wawili, nanyi mwende pamoja. Msimwambie tu "mama anasahau". Mwelezeni yale ya rakaa saba, sijida asiyoinuka, na aya aliyoisahihisha, maana jibu linategemea hayo.

Wakati mnalisubiri jibu hilo, nyumbani ungeweza kubadilisha unachokitazama: badala ya kutazama kama swala iko sawa, tazama kama iko salama na kama inamtuliza.

Udhu ndio wenye hatari kubwa. Mtu wa miaka 81 akiteleza na kuvunja nyonga, mara nyingi harudi kama alivyokuwa. Mketishe kwenye kiti kizito chenye mgongo, chini weka mkeka wa mpira, beseni mbele yake. Usimpe bomba, kwa sababu bomba halina mwisho, naye mwisho ndio anaoukosa. Mpe birika lenye maji kidogo. Imepokewa kuwa Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Maji yakiisha, yameisha, na birika tupu linamwambia "tumemaliza" kwa lugha isiyohitaji kumbukumbu. Taja kiungo kimoja kimoja: "Sasa uso." "Sasa mkono huu," huku ukiugusa. Akianza kurudia, usiseme umeshaosha. Mtie taulo mkononi. Mkono ulioshika taulo hujifuta wenyewe. Kausha sakafu kabla hajasimama, na akisimama asimame polepole, maana shinikizo la damu la wazee hushuka wanapoinuka ghafla.

Kisha swalini jamaa, yaani pamoja. Kwa madhehebu ya Shafi mwanamke huwaswalisha wanawake wenzake akisimama kati, katika safu yao. Simama ubavuni kwake, takbiri uitoe kwa sauti, mwendo wako uwe wa taratibu. Hana haja ya kuhesabu rakaa. Anaufuata mwili wako na sauti yako. Mswala utandike wewe ukielekea kibla kabla hajafika, ili ugeuze kitambaa usimgeuze mtu. Mkishatoa salamu ukunje, uuweke asipouona, kwa sababu mswala uliotandikwa ni mwaliko, na yeye mialiko hajaacha kuiitikia. Hapo hapo mpe tasbihi. Tasbihi ni duara. Hakuna anayepotea ndani yake.

Akikwama kwenye sijida, usimvute kwapani wala mkono: bega la mzee huteguka, na ngozi yake huchubuka kwa kushikwa tu, hasa kama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Piga magoti kando yake, weka kiganja mgongoni, toa takbiri, subiri. Mara nyingi mwili unaijua. Ikishindikana mara ya tatu, mlaze ubavu, apumzike, kisha umsogezee kiti ashike aje magotini na kupanda. Kama hayo yanatokea kila siku, sasa ni wakati wa kuswali kwenye kiti.

Na akiswali adhuhuri ya tatu? Mwache. (Saumu ndiyo habari nyingine. Akija mtu kusisitiza mama afunge, rudini kwa daktari na kwa shekhe kwanza, kwa sababu mzee huyu akikosa maji kwa saa chache tu huchanganyikiwa vibaya.)

Ile alama ya vidole usiizike. Imekuonyesha mpaka wako uko wapi. Ukihisi mkono wako unakaza, hakikisha amekaa au amelala, hakuna moto wala kisu karibu, toka chumbani dakika tano. Anaweza kuswali akikipa kibla mgongo kwa dakika tano. Na mwambie mtu mmoja unayemwamini kilichotokea, maana jambo la namna hii hurudi kirahisi likibaki siri.

Magharibi sasa. Wagonjwa wengi wa demensia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu kama haya ya mama, huzidiwa jioni, na si baba peke yake anayemwita mama mlangoni. Ubongo umechoka kwa siku nzima ya kubahatisha. Mwanga unapungua, vivuli vinarefuka na kuwa watu. Saa ya mwili imeharibika. Na njaa, haja ndogo au goti linalouma vyote vinaweza kutoka mdomoni kama "baba yuko wapi", kwa kuwa maneno mengine hayapatikani. Kwa hiyo anza mapema. Asubuhi akae juani nusu saa. Chai na kahawa ziishie adhuhuri. Usingizi wa mchana usizidi saa moja. Saa moja kabla ya jua kuchwa washa taa zote za chumba anachokaa, shusha mapazia kabla kioo hakijageuka kuwa kiza, mpeleke msalani hata kama hajasema, mpe kitu cha kula. Komeo lihamishie juu sana au chini sana, nje ya usawa wa macho yake. Lakini usimfungie ndani akiwa peke yake, kwa ajili ya moto.

Akiuliza, wewe umejiona una njia mbili, kumchoma kwa ukweli au kumtuliza kwa uongo. Ipo ya tatu, na wanavyuoni wana jina lake, tauria: neno la kweli lenye pande mbili. "Baba magharibi alikuwa haikosi msikitini." Kama ndivyo alivyokuwa, hapo hukusema uongo, na mama amepata alichokitafuta. Au ijibu hisia, uliache swali: "Umemkumbuka baba. Hata mimi nimemkumbuka. Njoo tumwombee dua." Mikono yake huenda ikainuka yenyewe.

Kila njia ina bei yake. Ukweli mtupu unamfisha baba kila jioni. "Yuko msikitini" inatuliza, lakini siku nyingine itamsimamisha mlangoni hadi usiku akimsubiri mtu uliyemwahidi, na akili ikimrudia kidogo anaweza kukunasa, asikuamini hata unapompa dawa. Hata tauria, ikitumiwa kwa haraka ya kutaka anyamaze, mgonjwa huisikia kwenye sauti. Na iko siku atakutazama na kuuliza, "Amekufa, sivyo?" Anayeuliza hivyo mara nyingi anajua nusu. Hapo ukweli mfupi, ukiwa umemshika mkono, unaweza kuwa ndiyo huruma yenyewe. Unayeuona uso wake ni wewe, si mimi wala kaka.

Ila fahamu tofauti hii: akizidi taratibu kwa miezi, huo ndio mwendo wa ugonjwa. Akibadilika ndani ya saa au siku mbili, akawa mkali ghafla, anaona watu wasiokuwepo, au analala mchana kutwa, usiseme Alzheimer imepanda. Tafuta daktari siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, choo kigumu, upungufu wa maji, maumivu au dawa mpya. Dawa za zamani za mafua na mzio zinazoleta usingizi huwachanganya wazee, na dawa kali za kutuliza wagonjwa wa akili huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wenye demensia. Kama kuna mtu amekushauri "umpe kidogo alale", usimpe bila daktari anayejua utambuzi wake.

Kuhusu kaka. Unamwona hakimu. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba kumsahihisha mama ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kumshikilia, kwa sababu akikubali kuwa swala haisahihishiki, amekubali kuwa mwalimu hayupo darasani. Wewe umeomboleza miaka minne, kidogo kidogo. Yeye huenda hajaanza. Na kumwekea barua yangu mezani hakutafanya kazi ya saa 48 peke yake na mama, magharibi mbili zikiwemo.

Miezi mitatu mfululizo inaweza kumpa mama familia nyingine na wewe usingizi. Lakini kwa mtu asiye na karani, nyumba ndiyo kumbukumbu: miguu yake inajua choo kiko wapi gizani, na huko kwa kaka haijui. Siku za kwanza huwa mbaya karibu kila mara, hatari ya kupotea njiani hupanda, na kwa nyumba ambayo wanambishia itapanda zaidi. Kukataa nako si bure. Ukianguka wewe, atahamishwa vile vile, usiku, kwa dharura, bila mswala wake. Kuna ya katikati ambayo hamjaitaja: kaka au mkewe waje wakae na mama hapo hapo wiki moja, na wewe ndiye uondoke. Ikienda vizuri, siku kumi kwake kwa majaribio, tarehe ya kurudi ikiwa imeandikwa. Mama asafiri na mto wake, tasbihi, mswala, taa yake ya usiku, na karatasi ya ukurasa mmoja: dawa na saa zake, udhu wa birika, kinachomtuliza, na maneno mawili matatu yasiyosemwa. Sharti moja ningeliweka kwanza ningekuwa wewe, kwamba hakuna atakayebishana naye juu ya swala wala kumshika mkono kwa nguvu. Wewe pia ulikiuka hilo. Ukilisema mbele yake, atalisikia vizuri zaidi.

Na jiulize kwa faragha: katika hofu ya kumpeleka, sehemu ipi ni ya mama, na sehemu ipi ni ya kutojua utafanya nini ukiamka asubuhi bila yeye? Zote mbili ni halali, ila hazitibiwi kwa dawa moja.

Sasa wewe. Nimeona umefanya kwa nafsi yako kile kile unachomfanyia mama kila asubuhi. Kila ukitoa salamu unajipa mtihani, je, nimehisi, halafu unajifelisha. Swala iliyowekewa msimamizi wa mtihani mlangoni itapata wapi utulivu? Ganzi hiyo umeiita imani iliyotoka. Huenda. Lakini miaka minne ya usingizi wa vipande huzaa ganzi ile ile kwa mtu mwenye imani tele. Na kuna msiba humo ndani. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, tangu miaka ya 1970 ameandika juu ya kumpoteza mtu ambaye bado yupo mbele yako. Ni msiba usio na matanga: hakuna anayekuja kukupa pole, hakuna siku ya arobaini, na jioni unampikia uliyemlilia mchana. Hasira huota vizuri sana mahali hapo. Ikiwa hata hivyo wiki zinapita huna hamu ya chochote, hulali hata akilala, au unatamani usiamke, hiyo ni sonona, ina matibabu, na kumwona daktari si upungufu wa subira.

Ile dua usiyoweza kuitamka mbele za watu, tuitazame. Unaomba afe, au unaomba asiteseke, au unaomba ulale usiku mmoja? Haziko sawa, na huenda ukiichunguza utakuta ni ya tatu. Mtume alikataza mtu kutamani mauti kwa dhara iliyompata, na aliyezidiwa alimpa maneno: aombe aishi muda wa kuwa uhai ni heri kwake, na afishwe ikiwa kufa ni heri kwake. Ni maneno ya mtu kujiombea, lakini adabu yake unaweza kuichukua: unakabidhi, huamui. Na Nabii Yaakub, aliyelia mpaka macho yakawa meupe, alisema anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Kushitaki kwa Mungu ni kuzungumza naye. Kwa hiyo dua hiyo inayokutia hofu pengine ndiyo mazungumzo ya kweli kuliko yote uliyonayo naye hivi sasa.

Wale wenzako nao usiwakatie tamaa mapema. "Pepo unayo mkononi" mara nyingi husemwa na mtu asiyejua ashike nini. Mpe cha kushika. Usiseme "njooni wakati wowote", sema "njoo Jumanne baada ya alasiri, ukae na mama saa moja na nusu, usome kwa sauti, usimuulize chochote." Eleza ile pete: mama huficha kitu, tendo la kuficha haliandikwi, na ubongo unaziba pengo kwa mwizi. Wakija watatu au wanne, iwe nusu saa tu, kwa sababu sauti nyingi kwa pamoja humchosha. Saa ile ya mtu wa Jumanne ilale. Darasa lisubiri.

Umeuliza umfikie vipi. Ile Yasin isome tena kesho, wakati ule ule, polepole, ukikaa upande wa sikio linalosikia vizuri. Usikosee makusudi ili umpime. Ukikosea kwa uchovu, nyamaza, umsubiri akusahihishe, halafu urudie aya kama alivyoisoma yeye.